Fuo tulivu za mchanga chini ya majabali ya Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Nairobi

Nimezaliwa Msambweni, Kaunti ya Kwale, na sasa riziki yangu iko Nairobi. Kila ikifika Novemba, wenzangu wa kazini, majirani na watu wa chama huanza kunipigia simu. Hawaulizi habari za Diani wala Nyali, kwa sababu huko wameshafika. Wanauliza zile fuo za kimya, zenye ukuta wa mawe nyuma na bahari mbele, ambazo wameona kwenye picha ya mtu. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu.

Fuo hizo ziko wapi hasa?

Kusini mwa Mombasa kuna Tiwi, halafu ukivuka Diani na Galu unashuka hadi Msambweni, yapata kilomita 50 kutoka mjini. Kaskazini kuna Takaungu na Vuma, kabla ya kufika Kilifi, kisha Watamu ambako visiwa vidogo vya mawe vimeliwa chini na mawimbi mpaka vikawa mfano wa uyoga. Katikati ya sehemu hizi zenye majina zipo ghuba ndogo nyingi zinazojulikana na wavuvi tu. Hizo sitazitaja hapa.

Vuma niiseme mapema, maana ndiyo inayotafutwa sana na vijana wa Nairobi. Ni mahali pa kusimama juu na kutazama bahari ikipiga mawe. Si mahali pa kuogelea. Ukitaka mchanga wa kulalia, nenda kwingine.

Majabali yenyewe yalitoka wapi? Mbona yamejaa matundu?

Ni matumbawe, yaani mawe yanayojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakamea humo kama yanavyomea sasa kwenye mwamba wa nje, ule unaovunja mawimbi mbele ya ufuo. Bahari iliposhuka, yakabaki nchi kavu na kugeuka jiwe. Ukiweka kiganja kwenye ukuta wa Tiwi utaziona bado: duara zenye mistari kama jua lililochorwa na mtoto, vipande vya makombe, matawi yaliyovunjika. Jiwe hilo hilo ndilo lililojengewa nyumba za kale za Lamu na Mombasa, na Fort Jesus imeketi juu yake tangu mwaka 1593 Wareno walipoanza kuijenga.

Mchanga mweupe nao ni mtoto wa mwamba huo. Ni matumbawe yaliyosagika, makombe, na mimea ya baharini yenye chokaa. Samaki aitwaye pono akitafuna matumbawe kutafuta chakula, kinachotoka nyuma ni mchanga. Watoto hupenda sana kuambiwa hivyo.

Niende tarehe gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo watu wa Nairobi wanalolikosea. Mtu anaangalia sikukuu, anaangalia likizo ya shule, anaangalia bei ya treni, halafu anakata tiketi. Mwezi wa angani hauangalii kabisa. Diani haina neno, kwa sababu ufuo ni mpana na maji yakijaa unasogea nyuma. Chini ya jabali hakuna nyuma. Maji yakijaa, ufuo haupo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Neno lenyewe Pwani limetoka hapo: ni mahali maji yanapopwa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yanakuja maji ya bamvua, ambayo hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya juu na chini hufika karibu mita 4. Wiki moja baadaye ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana.

Sasa shika hesabu hii, itakusaidia maisha yako yote. Siku za bamvua, kwenye pwani ya Kenya, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Mtu anayeamka kwa raha zake hotelini, akanywa chai, akafika ufuoni saa saba mchana siku ya mwezi mpevu, anakuta bahari iko njiani inarudi. Ndiyo maana watu huniambia, "Tulienda kule ulikosema, hakukuwa na ufuo wowote." Ufuo ulikuwepo. Ulikuwepo asubuhi.

Mimi huchagua siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwezi kuandama. Siku hizo maji huwa yamekupwa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, na bado yanashuka vya kutosha. Unapata saa mbili kabla na saa mbili baada, ufuo wote wako. Ukitaka uhakika wa dakika, tafuta jedwali la maji la Kilindini kwenye simu. Lakini hata bila jedwali, mvuvi yeyote atakwambia kwa kuhesabu siku za mwezi vidoleni:

"Shikamoo mzee. Maji yanajaa saa ngapi leo?"

"Marahaba mwanangu. Leo mwezi tatu, yatajaa saa kumi na moja na nusu. Saa tisa ikifika mko chini, pandeni."

Mzee akikwambia pandeni, panda.

Kwani maji yanapanda haraka kiasi gani?

Hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yakianza kurudi hutambui kitu. Saa ya pili unaona mchanga umepungua kidogo. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kazi: kila moja huleta kama robo ya maji yote. Siku ya bamvua ya mita 4, hiyo ni kama mita 1 kwa saa moja. Mtu mzima aliyekuwa na maji ya vifundoni, saa moja baadaye anayo kiunoni.

Nilijifunza kwa gharama, tena mimi mwana wa Pwani. Mwaka mmoja niliwachukua wenzangu sita wa kazini hadi ghuba moja karibu na kwetu. Siku ilichaguliwa na ofisi, nami sikuwa na ujasiri wa kukataa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi mpevu. Tulifika saa saba. Mchanga ulikuwa bado mpana, tukatandika leso, tukala mihogo, mmoja akalala. Kwenye ghuba kama hiyo bahari haiji mbele yako kwanza. Inazunguka pembeni, kwenye zile ncha mbili za jabali zinazoingia majini. Tulipoinua macho, njia tuliyojia ilikuwa imeshaingia maji ya magotini, huku mbele yetu mchanga ukiwa bado mkavu. Tulipita na mifuko kichwani, maji kiunoni, mawimbi yakitusukuma kwenye mawe yenye makali. Mwenzetu mmoja alipasuka goti mpaka likashonwa. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sikubali tarehe ya ofisi.

Kwa hiyo, ukiwa chini ya jabali, usiyatazame mawimbi ya mbele. Tazama ncha za pembeni. Maji yakizigusa, ondokeni wote, hata kama chakula bado ni kibichi.

Nitajuaje kama ufuo huu huzama wote?

Jabali lenyewe linasema. Liangalie kuanzia chini kwenda juu. Chini utaona chaza wamegandamana kwenye jiwe, na konokono wadogo wengi. Hapo walipo chaza, bahari hufika kila siku. Juu yao kuna ukanda mweusi, kama moshi wa jikoni. Hapo hufika rasharasha na maji ya bamvua. Juu zaidi jiwe linakuwa la kijivu kikavu, na mimea inaanza kushika.

Simama kwenye mchanga, mgongo kwa jabali. Chaza wakiwa usawa wa kifua chako, basi maji yatakuwa kifuani hapo hapo uliposimama. Kisha tazama mchanga: kama kuna mstari wa mwani mkavu na vijiti, na nyuma ya mstari huo mchanga mlaini unaozama mguu, hapo panabaki pakavu hata maji yakijaa. Kama mchanga ni mgumu, wa unyevu, umesawazishwa mpaka kwenye kitako cha jabali, ufuo wote huzama.

Jua kali. Naweza kukaa chini ya jabali kwenye kivuli?

Kwenye kivuli chake, ndiyo. Chini ya sehemu iliyoning'inia, hapana. Bahari hulila jabali kwa chini mpaka likawa kama paa, na siku moja paa huanguka. Juu kuna mizizi ya miti inayopasua mawe, na mvua inapita kwenye nyufa. Ukiona mawe meupe yenye kingo mpya yametawanyika mchangani, wakati mawe mengine yote ni meusi, jua yameanguka karibuni. Baada ya mvua kubwa usilisogelee kabisa. Kaa umbali wa kimo cha jabali lenyewe.

Kuna jambo zuri hapa. Pwani yetu inatazama mashariki, na majabali yako upande wa magharibi. Alasiri ikiingia, jua hupita nyuma ya ukuta na kivuli chake hutambaa kuelekea majini. Huhitaji kubanana chini ya jiwe. Ngoja tu, kivuli kitakufuata.

Mwezi gani wa mwaka ni mzuri?

Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi. Upepo ni wa wastani, maji ni safi, unaona mpaka chini. Kuanzia Aprili huingia upepo wa kusi pamoja na mvua za masika. Bahari huchafuka, mawimbi hupiga jabali kwa nguvu, na mwani hurundikana mchangani. Kusi hukaa mpaka Septemba. Oktoba na Novemba ni maleleji, upepo unageuka, na mimi nazipenda sana siku hizo kwa sababu bahari hutulia na wageni bado hawajaja. Mvua za vuli zinaweza kukukuta, lakini hazikai.

Krismasi usiende. Kila mtu wa Nairobi yuko huko.

Nifike vipi kutoka Nairobi?

Treni ya SGR inatoka Syokimau na kufika Miritini kwa saa tano au sita hivi, kutegemea kama inasimama vituo vya njiani. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Utahitaji kitambulisho. Kwa basi ni kilomita zipatazo 480, mabasi mengi husafiri usiku na kusimama Mtito Andei. Zipo pia ndege za kwenda Ukunda na Malindi.

Anayekwenda kusini siku hizi halazimiki kupanga foleni ya feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu huanzia Miritini karibu na stesheni na kutokea Kibundani, kwenye barabara ya Lunga Lunga. Kwa matatu, vuka Likoni kwa miguu, ambako hulipi kitu, upande gari la Ukunda na ushuke njia panda ya Tiwi. Kutoka barabarani hadi baharini ni mwendo wa kilomita kadhaa kwenye vichaka. Chukua bodaboda au tuktuk, usitembee peke yako na mizigo. Umwambie dereva akufuate saa ngapi, na saa hiyo uipange kwa maji.

Anayekwenda kaskazini apande gari la Kilifi. Takaungu unashuka kabla ya daraja.

Sijui kuogelea. Nitafanya nini huko?

Wengi wetu wa Nairobi hatujui kuogelea, na fuo hizi zinatufaa kuliko hata zile za hotelini. Kuna mwamba wa nje unaovunja mawimbi makubwa, na maji yakipwa huacha madimbwi kwenye mawe. Tiwi kuna dimbwi moja refu kidogo ambalo umbo lake linafanana na bara la Afrika. Unaingia, unakaa, samaki wadogo wa rangi wanakuja kukugusa miguu. Unaweza kushinda hapo saa mbili nzima ukitazama tu.

Siku za bamvua asubuhi utawaona kina mama na wazee wakitembea juu ya mwamba na vyuma vyao, wanatafuta pweza. Nyanyangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisimama mbele ya tundu, anatazama vipande vya makombe vilivyotapakaa mlangoni, na kwa vipande hivyo anajua kama pweza yumo ndani au amehama. Omba ruhusa ufuatane nao. Ukikanyaga wanapokanyaga wao, hutavunja matumbawe hai.

Kitu cha kuogopa ni mlango, yaani pengo kwenye mwamba ambako maji ya ndani hutokea kurudi bahari kuu. Maji yakiwa yanapwa, mkondo wa mlangoni humvuta hata muogeleaji hodari. Ukivutwa, usishindane nao. Elea, ita msaada, kata kwenda ubavuni. Waulize wavuvi mlango uko wapi kabla hujavua shati.

Nivae nini miguuni?

Sandaki. Zile za plastiki, za bei rahisi, zenye matundu na ukanda wa nyuma. Malapa hutoka mguuni ukikanyaga maji, na raba za kawaida hujaa mchanga. Gikomba utapata pia viatu vya majini vya mitumba, ukiamka mapema. Jiwe la matumbawe hukata kama wembe, na kidonda chake hakiponi upesi, kwa hiyo kioshe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo.

Nikikanyaga miiba ya baharini je?

Ile miiba mirefu myeusi huvunjikia ndani. Usiichimbe kwa pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi, na mingi hujitokea. Ila kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Maumivu yake hayafichiki: mtu mzima hulia. Aliyechomwa na huyo mtie mguu kwenye maji ya moto mara moja, ukiangalia yasimuunguze, kisha hospitali bila kuchelewa.

Je, hoteli inaweza kunizuia kupita?

Ufuo wenyewe si mali ya mtu. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Unaweza kutembea hapo, kukaa, kupiga picha. Tatizo ni njia ya kushukia, kwa sababu juu ya jabali mara nyingi ni shamba au uwanja wa mtu. Nimewahi kufukuzwa na mlinzi kwenye mchanga niliocheza nikiwa mtoto, na uchungu wake sijausahau. Nilimwonyesha mstari wa mwani, nikamwambia kwa upole kwamba niko chini yake. Aliniacha.

Lakini kukata katikati ya boma la watu bila hodi si haki yako. Uliza njia ya wavuvi. Kila kijiji kinayo, na kwa kawaida hushuka mahali ambapo jabali limepasuka.

Kuna malipo?

Watamu maji yake yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, kwa hiyo ukiingia na mashua kutazama samaki utalipa ada ya hifadhi, na malipo ni kwa njia ya mtandao. Tiwi, Takaungu na Msambweni ufuo ni bure. Ukipata kijana wa kukushikia mzigo na kukuonyesha njia, mpatie chochote bila kuombwa.

Nitapata chakula huko?

Usitegemee. Nunua Ukunda au Kilifi kabla ya kuingia: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai, maembe, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Ukimkuta mvuvi anarudi, mwulize kama ana samaki wa kuuza, naye anaweza kukuonyesha nyumba ya mama atakayekupikia. Wa kupaka, na nazi iliyokunwa hapo hapo. Sijaona mkahawa wa Nairobi uliofikia hapo, na nimetafuta.

Nijiheshimu vipi mbele ya wenyeji?

Takaungu na Msambweni ni vijiji vya Waislamu. Ufuoni vaa nguo zako za kuogelea, lakini ukipita kijijini jifunge leso na uvae shati. Salimia kwanza, uliza baadaye. Mtu mzima mwambie shikamoo. Usiwapige picha kina mama bila kuwaomba.

Na mapango. Majabali yetu yana mapango mengi, na baadhi ni mizimu, watu huenda kuomba na kuweka nadhiri. Ukiona kitambaa chekundu au cheupe kimefungwa, chupa ya maji ya waridi, ubani, usiguse na usiingie. Rudi nyuma kimya kimya.

Nikikutana na kasa?

Una bahati. Kasa hupanda kutaga usiku, na msimu wake mkubwa ni kati ya Machi na Julai. Zima tochi, zima simu, kaa chini mbali nyuma yake. Mwanga humfanya arudi majini bila kutaga, na watoto wake wanapoanguliwa, baada ya siku kama 50 hadi 60, huifuata taa ya hoteli wakidhani ndiyo bahari. Ukiona alama zake mchangani, kama za tairi la trekta, usikanyage. Mwambie mtu wa BMU ya hapo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Watamu kuna Local Ocean Conservation, ambao wamekuwa wakiwalinda kasa wa huko tangu miaka ya 1990.

Mbona Malindi mchanga na maji ni ya kahawia?

Swali hili nalijibu nikiwa nimesimama Nairobi, na naomba ulisome polepole. Mto Nairobi, huu unaopita Gikomba na Dandora, humwagika kwenye Mto Athi. Athi hupita Fourteen Falls, hushuka Ukambani, huingia Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia bahari huitwa Sabaki, nao huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo mwa Malindi. Wakati wa mvua hubeba udongo wa mashamba mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Matumbawe hayapendi udongo, yanahitaji mwanga.

Mto huo haubebi udongo peke yake. Chupa iliyotupwa kwenye mtaro wa mtaa wangu ina njia wazi ya kufika baharini. Siku moja niliokota kifuniko cha plastiki kwenye mchanga karibu na mdomo wa Sabaki, kimesuguliwa mpaka hakina rangi, na nikakumbuka vile vinavyouzwa kwa rundo karibu na stendi yangu ya matatu. Sijui kilitoka wapi. Lakini tangu hapo, mtaro wa mbele ya nyumba nauona kama mwanzo wa ufuo.

Taka zangu nizipeleke wapi?

Rudi nazo. Fuo hizi hazina pipa wala lori la kaunti. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi, zikiwemo fuo, kwa hiyo chupa ya maji ya dukani na mirija hazifai hata kuingia. Beba chupa yako ya chuma. Makombe nayo yaache. Kaa mtawa, anayeishi ndani ya makombe matupu, anayatafuta kuliko unavyoyatafuta wewe.

Naweza kupiga hema chini ya jabali?

Hapana. Maji hujaa usiku pia. Piga hema juu, kwa ruhusa ya mwenye ardhi.

Na wazazi wetu wazee, au mtoto mchanga?

Tafuteni Galu au upande wa Tiwi ambako gari hufika karibu na mchanga. Njia nyingi za kushukia majabali ni ngazi za mawe zilizochongwa, zenye utelezi, zisizo na mahali pa kushika. Anayetumia kiti cha magurudumu hatashuka, na si vizuri kumdanganya kwamba ataweza. Lakini juu ya jabali, chini ya mbuyu, upepo ni mtamu kuliko wa chini. Mama yangu siku hizi hukaa hapo na kahawa yake, sisi tukiwa mchangani, na yeye ndiye hutupigia kelele maji yakianza kurudi.

Picha nzuri hupigwa saa ngapi?

Alfajiri. Jua hutoka baharini kama saa kumi na mbili na kulipiga jabali uso kwa uso, na jiwe la kijivu linakuwa rangi ya asali kwa muda wa kama robo saa. Jioni jua liko nyuma ya ukuta, ufuo wote ni kivuli.

Nikipata ghuba nzuri isiyojulikana, niiweke mtandaoni?

Weka picha, usiweke ramani. Nimeona ghuba iliyokuwa na nyavu mbili na mtumbwi mmoja ikijaa spika na chupa ndani ya miaka miwili, na kasa hawapandi tena pale. Mtu akikuuliza kwa dhati, mweleze kwa mdomo, na umweleze habari za maji pia.

Utakwenda tena lini? Tunaweza kufuatana?

Januari, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tunapanda treni ya saa tisa mchana. Tukutane Syokimau saa saba na nusu. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu tunaamkia Msambweni, na tunashuka kwenye mchanga saa tano asubuhi, maji yakiwa yanaondoka. Hatuzidi watu wanane. Njoo na kitambulisho, leso mbili, chupa ya maji na sandaki.